Mtulinga wa kijana ukivunjika: maswali yenu

Mwanangu wa miaka 14 alianguka na baiskeli. Eksirei inaonyesha vipande vya mtulinga, ule mfupa unaotoka kidari hadi bega, vimepandana, lakini daktari kamtundika mkono kwa kitambaa tu, akaturudisha nyumbani. Tumepuuzwa?

Hapana, hiyo ndiyo tiba yenyewe. Picha hizo hutisha wazazi kuliko zinavyostahili. Utando unaofunika mfupa wa kijana ni mnene, nao hujenga mfupa mpya hata vipande visipokaa sawasawa. Tafiti za vijana wa miaka 10 hadi 18 hazikuona kwamba waliowekewa vyuma walitumia mkono vizuri kuliko wenzao. Tena upasuaji una yake: kovu, ganzi ya ngozi chini yake, na chuma kinachokera kila anapobeba begi. Mimi ningeuulizia pale tu mfupa umetoboa ngozi au unaisukuma hadi inapauka, au mshipa wa damu au neva imeumia.

Halali usiku, anasema mfupa unagonga.

Wiki ya kwanza ndiyo mbaya. Alale nusu ameketi, mto mmoja chini ya kiwiko. Parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake husaidia. Mkono unaouma uingie kwanza kwenye shati, na kwenye kuvua utoke mwisho. Vidole, kifundo na kiwiko avikunje na kuvikunjua kila siku, visije vikakakamaa.

Kuna kinundu pale ulipovunjika.

Ni mfupa mpya. Hupungua kwa miezi, ingawa kwa kijana mkubwa kinaweza kubaki kidogo.

Lini narudi kwenye mpira? Wiki ya nne hii, siumwi tena.

Kutoumwa hakutoshi, kijana. Kitambaa huvuliwa baada ya wiki 3 au 4 hivi, lakini michezo ya kugongana husubiri karibu miezi 3: bega linyanyuke lote, nguvu ziwe sawa pande zote mbili, na daktari aridhike kwamba mfupa umeunga.

Binti wa miaka 16 kagongwa mchezoni. Maumivu yapo pale mtulinga unapokutana na kidari, na akimeza anahisi amekabwa.

Mpelekeni hospitali sasa hivi. Ncha hiyo bado ina gegedu la ukuaji, sehemu laini ambako mfupa hurefuka, hadi miaka ya ishirini na kitu, na inaweza kusukumwa nyuma ikabana koo na mishipa mikubwa ya damu. Eksirei ya kawaida huikosa, ombeni sitiskani, yaani picha ya kina ya kompyuta.