Jibu kuhusu ampuli za uzi: kwetu Kadutu vita vilianzia kwenye sanduku la vifaranga

Jambo sana ndugu. Umeuliza kwa nini mama mkwe wako anawazungusha watoto soko zima la Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Congo, watafute ampuli za zamani, zile za uzi (wengine mnaziita balbu), na wakimrudishia LED, zile taa mpya zinazokula umeme kidogo, ananuna. Umeuliza pia kama kweli kuna serikali iliyozipiga marufuku. Hilo la pili ni fupi, nianze nalo.

Ulaya walianza tarehe 1 Septemba 2009 na zile za wati 100. Mwaka uliofuata zikaondoka za 75, mwaka 2011 za 60, na mwaka 2012 zikamalizikia za 40 na 25. Halojeni nyingi (jamaa za hizi za uzi) nazo zilifungiwa mlango mwaka 2018. Marekani walikaza sheria yao Agosti 2023. Viwanda vikiacha kutengeneza, sisi wa Bukavu tunauziwa kilichopo. Mwenye duka wenu hafichi kitu. Sababu ya hao waliozipiga marufuku ni hii: katika umeme unaoingia kwenye ampuli ya uzi, karibu sehemu 5 tu kati ya 100 zinatoka kama mwanga, na zilizobaki ni joto.

Lishike hilo neno joto, maana ndilo lililonigombanisha na mama yangu.

Tulikuwa tunakaa Kadutu, nyumba ya vyumba vitatu, tukilipa forfé. Kwa asiyeijua, forfé maana yake hakuna mita: kila mwezi mnalipa kiasi kilekile, muwashe ampuli moja au kumi. Mimi nikaingia na LED za wati 9 nikihubiri kubana matumizi. Nikapiga hesabu mbele ya mama: ampuli nne za wati 60, saa tano kila usiku, ni kilowati-saa 1.2. Hizi mpya nne, saa zilezile, ni 0.18 tu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na bili itashuka?"

Nikanyamaza. Bili ya forfé haishuki. Ukibana umeme pale, anayefaidika ni jirani, resho yake (jiko la umeme) inapata nguvu kidogo zaidi. Kwa hiyo kabla hujasema mama mkwe ni mkaidi, angalia kama kuna mita ukutani. Sisi tulipohamia nyumba yenye Cash Power, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, mama huyohuyo ndiye aliyekuwa anapita chumba kwa chumba kuzima taa, hata ya choo mtu akiwa bado ndani.

Lakini ugomvi wenyewe haukuwa wa pesa. Mama alikuwa anafuga vifaranga, hamsini kwa mara moja, ndani ya sanduku la mbao jikoni. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wa huku mnaujua. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la digrii 32 hadi 35, halafu unashusha kama digrii tatu kila wiki mpaka manyoya yaote. Mama hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na ampuli mbili za wati 60 zinazoning'inia juu ya sanduku, na mkono wake. Mimi siku ile ya kubadilisha nilibadilisha zote, na zile mbili pia. Jioni sanduku liling'aa kama jukwaa la harusi, nikajisifu.

Asubuhi tulikuta vifaranga wamerundikana kwenye kona moja, na kumi na tisa wa chini wamekufa. Mama hakunipigia kelele. Alishika kile kichwa cheupe cha LED kwa kiganja kizima, taa ikiwa inawaka, akanitazama tu.

Msimcheke. Mwaka 2010 Mjerumani mmoja, Siegfried Rotthäuser, aliagiza ampuli za wati 75 na 100 akaziuza kama vifaa vidogo vya kupashia joto, akaziita Heatball. Za kwanza 4,000 ziliisha kwa siku tatu. Yeye alikuwa anaikejeli sheria ya Ulaya. Mama angenunua katoni nzima na asione kichekesho kiko wapi.

Baadaye tulipata dawa: bidoni (dumu) la lita tano la maji ya moto, tunalifunga kwa kitenge kizee, tunalilaza katikati ya sanduku. Umeme ukikatika, bidoni halina habari. Wengine wanaweka mbabula ya makala (jiko la mkaa) chumbani. Mimi siipendi, maana hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua vifaranga na watu pamoja. Kama lazima, dirisha libaki wazi. Zipo pia taa nyekundu maalum za kupasha joto, zile hazikuguswa na marufuku, lakini kwa kula umeme hazina huruma. Chochote utakachotumia, waangalie vifaranga wenyewe: wakibanana wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wanaungua.

Sasa lile la taa inayobaki inawaka. Hujaliuliza, ila nina hakika litakuja. Tulizima taa ya chumba cha wageni na LED ikabaki na kamwanga kadogo, kama jicho la paka. Mama mdogo alikuwa amekuja kulala kwetu. Akatoka mbio na sala mdomoni, na mchungaji nusura aitwe usiku ule. Kumbe fundi wa zamani aliweka swichi kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya fezi, waya unaouleta. Ampuli ya uzi ililificha kosa hilo miaka yote, kwa sababu umeme kidogo unaovuja hauwezi kuuwasha uzi, lakini LED inatosheka nao. Wakati mwingine ni swichi tu yenye taa ndogo ndani, au nyaya ndefu zilizolala pamoja. Lakini usibahatishe: kama swichi iko kwenye nyutro, umeme upo kwenye duyi (tundu la ampuli) hata ukiwa umezima, na mtoto akipanda kiti kubadilisha ampuli anaweza kupigwa. Ita fundi mwenye testa, ahamishie swichi kwenye fezi.

Rangi nayo ni malalamiko ya haki. Nyingi zinazouzwa sokoni ni kelvini 6,500, weupe wa buluu. Sombe (kisamvu) inapoteza kijani chake na nyama inaonekana ya jana. Mama aliiita taa ya mochwari. Tafuta boksi lililoandikwa 2,700 au 3,000, au maneno blanc chaud, yaani weupe wa joto. Hapo umefika karibu kabisa na rangi ya ampuli ya uzi.

Na zile za kujisokota, ekonomike, zilizotangulia LED, kama bado mnazo, zikivunjika msizipe watoto kuchezea. Ndani mna zebaki. Fungueni dirisha, okoteni vipande kwa karatasi ngumu, futeni kwa kitambaa chenye maji, ufagio hapana.

Unajua kilichombadilisha mama? Saa moja jioni. Watu wote wanachomeka resho, umeme unalegea, na ampuli ya uzi inabaki waya mwekundu kama ncha ya sigara. Jioni moja sebule ilikuwa na LED nzuri na jikoni bado ya uzi. Sebuleni mdogo wangu anasoma daftari lake vizuri, jikoni mama anapapasa chumvi. Akaja mlangoni, akaangalia juu, akasema, "Nileteeni hiyo huku." (LED za bei ya chini kabisa zinapepesa saa hiyo, usije ukanilaumu.)

Kwa hiyo niambie: mama mkwe ana mita au forfé? Na jikoni kwake kuna sanduku? Watoto wakizipata hizo za wati 60, naomba mniwekee mbili. Mama ameleta vifaranga wapya wiki hii, na analalamika kwamba bidoni linamwamsha saa nane za usiku.