Ukiidai taasisi ya umma, pigania suluhu ndani ya siku 90

Ukiwa na madai dhidi ya halmashauri, wakala au shirika la umma, mtu wa kwanza utakayemsimulia atakwambia uende mahakamani. Usikimbilie huko. Hapa Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, taasisi hizi zote zinashtakiwa kwa utaratibu uleule wa Serikali Kuu: unatoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye shauri, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu hata kama unadai hela ya kujengea choo. Sisi wa Moshi na Arusha mjini tunayo Mahakama Kuu jirani. Mtu wa Loliondo au wa milimani Same anahesabu nauli, malazi na wakili.

Nilisimamia dai la mama yangu mdogo hapa Moshi. Mkandarasi wa taasisi moja ya umma alichimba mtaro karibu mno na duka lake, mvua za masika zikala msingi, ukuta ukapasuka kuanzia kwenye linta hadi chini. Mhandisi wa taasisi alikuja mwenyewe, akaingiza vidole kwenye ufa, akapima kwa tepu, akaandika kwamba chanzo ni mtaro. Mama alitaka milioni 6 tu, ajenge ukuta aendelee kuuza unga wake. Mwanasheria wao hakubisha. "Dai lako ni la haki, mama, lakini mimi siwezi kusaini. Lazima kibali kitoke juu."

Kibali hakikutoka. Tukaenda Mahakama Kuu, na kila kesi ilipotajwa walikuja mawakili, dereva, gari na posho, wakati mwingine kwa dakika tano za kuahirisha. Mwishowe taasisi iliamriwa kulipa fidia, hasara ya biashara, gharama za kesi na riba, karibu mara tatu ya kile mama alichoomba. Aliyelipa ni mimi na wewe, kupitia ushuru wa soko na kodi.

Naelewa kwa nini mamlaka ya kusuluhisha yalibanwa. Ofisa asiye mwaminifu anaweza kukubali dai hewa ili wagawane na mdai. Lakini kumfunga mikono hata ofisa mwaminifu kunaiibia jamii kwa njia nyingine. Riba ya hukumu kwa kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka. Deni la milioni 40 likikaa mezani mwaka mzima, linazaa milioni 2.8 bure.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mali ya Serikali haikamatwi hapa nchini, kwa hiyo wakichelewa kulipa, mtu kama mama yangu hawezi kushika hata meza ya ofisi. Wadai wa nje ya nchi wana nguvu nyingine. Agosti 2019 ndege ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyetwaliwa mashamba miaka ya 1980, ikaachiwa Septemba. Na kwenye mgogoro wa nikeli wa Ntaka Hill, baada ya baraza la usuluhishi kuamuru mwaka 2023 wawekezaji walipwe zaidi ya dola milioni 109, mwaka 2024 Serikali ilikaa nao ikamalizana nao kwa dola milioni 90. Kumbe kukaa mezani kunawezekana.

Kwa hiyo wewe zitumie siku 90 vizuri. Piga picha uharibifu ukiwa na tepu pembeni, kabla hujarekebisha chochote. Kwenye notisi andika chanzo cha madai na kiasi, kisha ipeleke kwa taasisi na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, isainiwe kwenye dispachi (daftari la kupokelea barua) na nakala yako igongwe muhuri. Humo humo omba kikao cha suluhu. Mkikubaliana kesi ikiwa imeshafunguliwa, hati ya makubaliano isajiliwe mahakamani iwe amri. Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi huondoka naye akihamishwa.

Na kwenye mkutano wa mtaa, mbane diwani wako. Halmashauri ina kesi ngapi, ngapi mhandisi wake mwenyewe alishakiri kosa, na tumelipa kiasi gani kuziendesha? Mwambie apeleke hoja ya kuwekwa kiwango ambacho mkurugenzi anaweza kulipa kwa ripoti ya mhandisi na mthamini, malipo yasomwe hadharani kwenye baraza la madiwani.