Maswali Yenu: Bunduki inapiga kushoto, nimezungusha skopu mpaka nimechoka

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nafanya kazi kambi ya uwindaji huku Rungwa, mwaka wa pili huu. Mgeni akifika na bunduki yake huwa tunaijaribu kwanza kwenye boksi la shabaha kabla ya kuingia porini. Juzi bunduki ya mgeni, ile kubwa ya 375, ilipiga kushoto, nikazungusha nobu (kitufe cha kurekebishia) ya skopu, yaani darubini ya bunduki, ya pili ikaenda kushoto zaidi, nikarudisha, ya tatu ikashuka chini, basi ikawa hivyo hivyo mpaka risasi 11 zimeisha na mgeni kanuna. Mbovu ni skopu au ni mimi? – Kijana wa Manyoni

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usikasirike ila hapo naona ni wewe, skopu inawezekana nzima kabisa. Umeikimbiza risasi moja moja, na risasi moja haisemi kitu, labda mgeni kavuta kitriga kwa woga (375 inapiga bega kama punda, wengine wanafumba macho kabla haijalia). Piga tatu bila kugusa nobu, ukilenga palepale, halafu angalia katikati ya matundu matatu iko wapi. Hapo ndo unarekebisha.

Lakini kabla ya hapo shika skopu kwa mkono uitikise. Hiyo bunduki imepanda ndege, ikapanda Land Cruiser, imeruka makorongo siku nzima, skrubu za zile ringi zinazoshika skopu zikilegea hata nywele tu utazungusha nobu mpaka kesho. Mimi niliwahi kupoteza asubuhi nzima kwa skrubu moja, tena ya mbele, ile ambayo haionekani vizuri, mpaka leo nikikumbuka najicheka.

Halafu mshale. Wengi wanakosea hapo na nadhani na wewe ndo ilivyokuwa: ule mshale wa R (kulia) au UP (juu) ulioko kwenye nobu unaonyesha risasi itahamia wapi, sio msalaba, ile mistari ya kulengea unayoiona ndani ya skopu. Risasi ikienda kushoto, zungusha kwenda R, basi. Wewe ulifikiri unausogeza msalaba ukaifuate risasi, ukazungusha kinyume.

Sasa kiasi gani. Soma juu ya nobu, kama imeandikwa 1/4 MOA (kipimo cha pembe) basi kila "tik" moja inahamisha risasi kama milimita 7 kwenye mita 100. Tuseme kundi lako liko sentimita 8 kushoto na 5 chini: tik 11 kulia, tik 7 juu. Ukiwa mita 50 tik ileile inahamisha nusu yake, kwahiyo unahitaji mara mbili, na mita 25 mara nne, hapo ndo vijana wanapotea sana. Ikiandikwa 0.1 MRAD, kipimo kingine cha pembe, ni rahisi zaidi, tik moja sentimita moja kwa mita 100.

Na usianzie mita 100. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (lile komeo la nyuma ya mtutu), ilaze bunduki kwenye mfuko wa mchanga, chungulia ndani ya mtutu kwa nyuma mpaka uone boksi katikati ya lile duara, halafu bila kuisogeza leta msalaba hapohapo. Rudisha bolti, anza mita 25. Kwa mbali hiyo risasi ikigonga chini kidogo, kama sentimita moja, iache, maana skopu imekaa juu ya mtutu, ukifika mia itakuwa imepanda.

Kama mstari wa kusimama wa msalaba umelala upande, funga jiwe kwenye kamba uining'inize mtini, bunduki ikae sawa, legeza ringi, zungusha skopu mpaka mstari ulale juu ya kamba. Ukifunga tena acha nafasi ya jicho, vidole vinne hivi. Mimi nina kovu juu ya nyusi, sitaki kulizungumzia.

Zile 11 mfululizo nazo zilichemsha mtutu, na mtutu wa moto unatawanya. Acha upoe kila baada ya tatu, kivulini. Na mwulize mgeni risasi atakazowindia ni zipi, zijaribiwe hizohizo, maana yenye kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito) na ya 270 hazigongi sehemu moja hata bunduki ikiwa ileile.

Ukimaliza, kesho yake alfajiri mtutu ukiwa wa baridi piga moja tu. Nyati utampiga na hiyo, sio na ya nne.