Santuri yuro 36, nauli yuro 41: je, napigwa?

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Ujanani nilikuwa na santuri za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zikapotea katika kuhamahama. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye Discogs, soko la santuri la mtandaoni, muuzaji wa Ujerumani mwenye singo (santuri ndogo) tatu ninazozitafuta. Zote tatu ni yuro 36, lakini nauli ya kuzileta Tanzania ni yuro 41. Nauli inazidi mali! Tulipomwandikia, akajibu kwamba hiyo ndiyo bei ya DHL na yeye haambulii kitu. Ni kweli, au napigwa? Na kama ni kweli, ipo njia ya kuipunguza? (Mwalimu K., Tanga)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kwa ulivyoeleza, hupigwi. Ila hulazimiki kulipa hizo yuro 41 pia. Kazi yangu ni kusafirisha na kugomboa mizigo, na malalamiko kama lako huyasikia sana kwa wanunuzi wa vitu vya zamani: saa, kamera, stempu, sarafu, na sasa santuri. Wengi huanza kubishana na muuzaji kuhusu bei, wakati cha kuulizia ni aina ya huduma aliyoichagua.

Tuanze na uzito. Singo moja ya inchi 7 ina gramu 40 hadi 50, na ukiongeza bahasha yake ya karatasi haizidi gramu 60. Singo zako tatu, pamoja na kadibodi ngumu mbili na boksi jembamba, hazifiki nusu kilo. Sasa, Ujerumani jina DHL limebeba mambo mawili. Kuna DHL Express, wale wa magari ya njano wanaokuletea mlangoni kwa siku chache. Hao wana bei zao na nauli yao ingekushtua zaidi ya hapo. Halafu kuna DHL ya posta, ambayo ni ndugu mmoja na Deutsche Post, na mzigo wake ukifika huku kwa kawaida hukabidhiwa Posta yetu. Ndani ya hiyo ya pili kuna Paket, yenye bima na ufuatiliaji, ambayo daraja lake la kwanza kwa nchi za mbali ni la hadi kilo 5. Na kuna Päckchen, kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2, ambacho hakina bima na bei yake iko chini sana.

Ninavyoona mimi, muuzaji wako amepanga Paket kwa nchi zote zilizo nje ya Ulaya. Wengi hufanya hivyo na siwalaumu, kwa sababu mzigo ukipotea mnunuzi hudai fedha zake, na bila bima hasara ni ya muuzaji. Matokeo yake ni kwamba unalipia nafasi ya kilo 5 kubeba mzigo wa gramu 400.

Mwandikie hivi, kwa adabu na kwa ufupi: unaomba atume kwa Päckchen, unajua haina bima, na uko tayari kubeba hatari hiyo mwenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ina nguvu. Bila kuisema, atadhani unataka nauli ya chini na dhamana ya juu kwa pamoja. Akikubali, mwombe akurekebishie ankara kabla hujalipa, maana ukishalipa kurudishiana tofauti ni kazi nyingine. Na akikuambia umlipe kwa PayPal kama rafiki au ndugu ili aokoe makato, kataa. Ukilipa kwa njia hiyo unapoteza ulinzi wote wa mnunuzi, na wewe tayari huna bima.

Je, hatari hiyo inafaa kubebwa? Kwa mali ya yuro 36, mimi ningeibeba bila kufikiri mara mbili. Kwa sahani ya 78 ya taarab (zile za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika), ya enzi za Siti binti Saad ambaye kampuni ya santuri ya HMV ilimrekodi Bombay mwaka 1928, nisingethubutu. Zile si plastiki laini kama singo zako. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu, na zikidondoka hupasuka kama kigae. Hiyo lipia Paket, lipia bima, lipia kila kitu.

Sasa tuje kwenye lililo kubwa zaidi ya aina ya huduma. Nauli ya posta haihesabiwi kwa santuri, huhesabiwa kwa kifurushi, na hupanda kwa ngazi. Kwa muundo huo santuri ya kwanza hulipia safari nzima, na zinazofuata karibu zinapanda bure hadi ngazi ijae. Tuseme kifurushi cha kilo 2 kinagharimu yuro 20 (mfano tu, bei hubadilika kila mwaka). Ukiweka singo tatu, kila moja imebeba nauli ya karibu yuro 7. Ukiweka singo ishirini, zenye kilo moja na ushei, bado una nafasi ya kadibodi na boksi, na kila moja imebeba yuro 1. Nauli ni ileile, uliobadilika ni mgawanyo wake.

Kwa hiyo kabla hujalipa hizo tatu, fungua duka zima la huyo muuzaji. Mwenye singo za Atomic Jazz hakosi za Western Jazz, za Morogoro Jazz, pengine na za Nairobi za miaka ileile. Huko ndiko nyingi ya santuri zetu zilikofyatuliwa, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda. Bendi zilirekodi hapa au zilipanda basi kwenda Kenya. Kama mfuko hauruhusu kununua nyingi, tafuta wenzako wawili watatu hapo Tanga au Dar es Salaam wanaopenda muziki huo, mjaze kifurushi kimoja kwa jina la mtu mmoja. Wakusanyaji wa stempu wamefanya hivyo miaka yote. Mkubaliane tu mapema nani analipa nini ikitokea santuri moja imevunjika njiani, maana hapo ndipo urafiki huingia doa.

Kwenye sahani kubwa za inchi 12 hesabu inageuka. LP ina sentimita 30 upande hadi upande, na boksi lake huwa na sentimita 35 hivi. Ukituma kwa posta, cha kuangalia ni kilo na kanuni ya Umoja wa Posta Duniani: kwenye kifurushi kidogo urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mmoja usizidi 60. Boksi la 35 kwa 35 kwa 10 linapita, lina jumla ya 80. Lakini kampuni za usafirishaji wa haraka hazitazami mizani peke yake. Huchukua urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, na jibu huliita uzito wa ujazo. Kisha hutoza kwa ule ulio mkubwa kati ya huo na uzito wa mizani. Boksi letu lina sentimita za ujazo 12,250, sawa na kilo 2.45, hata kama ndani kuna LP mbili ambazo pamoja na boksi hazifiki kilo moja. Umelipia hewa kilo moja na nusu. Kwa hiyo ukilazimika kutumia kampuni hizo, mwombe muuzaji boksi la bapa lenye kimo cha sentimita 4 au 5. Hilo peke yake linaweza kukata uzito unaotozwa kwa nusu.

Wasomaji wengine huuliza kwa nini Marekani ni balaa zaidi. Muuzaji wa kule huwatumia wenzake kwa Media Mail, huduma ya bei rahisi ya vitabu na santuri, lakini hiyo haivuki mpaka. Ukiwa nje ya Marekani unaruka moja kwa moja hadi bei ya kimataifa, ndiyo maana tofauti inaonekana kama utani. Zamani palikuwa na posta ya meli, ya polepole na ya bei chee. Wale waliosoma kwa vitabu vya kuagiza mnaikumbuka. Posta ya Marekani iliifuta mwaka 2007. Kisha mwaka 2018 Marekani ilitishia kujitoa katika Umoja wa Posta Duniani, ambao upo tangu 1874. Mwaka 2019 mkutano wa dharura ukaitishwa Geneva, yakafikiwa maafikiano kwamba nchi hiyo ijipangie yenyewe, kuanzia Julai 2020, kiwango inachotoza posta za wenzake kwa kusambaza vifurushi vyao. Hilo liligusa zaidi wanaotuma kwenda Marekani kuliko sisi tunaonunua kutoka huko, lakini lilifungua mlango wa bei kupangwa upya kila upande. Juu ya hayo, Discogs na eBay hukata ada yao kwenye jumla, nauli ikiwemo. Muuzaji anayetoza nauli kamili bila kuongeza chochote anakatwa sehemu yake. Wengi huongeza kidogo kufidia. Ndiyo maana nauli unayoiona haifanani senti kwa senti na ile iliyo kwenye tovuti ya posta, na mimi siiti wizi tofauti ya yuro mbili tatu.

Kuhusu ufungaji, omba jambo moja ambalo halina gharama: santuri itolewe ndani ya jalada lake na iwekwe nyuma yake, kila moja na kifuko chake. Ikiachwa ndani, kila boksi linaporushwa ukingo wa sahani hupasua mshono wa jalada, na kwa mkusanyaji jalada lililopasuka ni nusu ya thamani imeondoka. Na usikubali santuri ziwekwe kwenye kontena la mizigo kichele linalokaa bandarini juani, hata kama wakala anakupa bei nzuri kwa kilo. Plastiki hiyo huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na bati la kontena juani halina huruma. Utapokea sahani zilizopinda.

Forodha. Nauli si mwisho wa gharama, kwa hiyo weka akiba. Mzigo ukitathminiwa, hutozwa ushuru kulingana na aina ya bidhaa, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Kampuni za haraka huongeza ada yao ya kukulipia kodi kwanza, na kwa mzigo mdogo ada hiyo inauma kuliko kodi yenyewe. Posta utaitwa uende na kitambulisho. Chapisha ankara na uthibitisho wa malipo uende navyo, vitakuokolea mjadala. Wapo watakaokushauri umwambie muuzaji aandike kuwa ni zawadi ya yuro 5. Usifanye hivyo, Mwalimu. Ni udanganyifu, afisa anaweza kuitafuta bei ya santuri hiyo kwenye simu yake palepale, na mzigo wenye bima ukipotea utalipwa kwa thamani iliyoandikwa, yaani hizo yuro 5.

Anwani nayo ina ujanja wake. Kwa posta mpe muuzaji S.L.P. yako na namba ya simu. Kwa kampuni ya haraka S.L.P. haifai, wanataka mtaa na simu inayopokelewa. Namba ya kufuatilia ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kwa Ujerumani DE. Ikianza na R imesajiliwa, ikianza na C ni kifurushi kikubwa. Ikianza na U haifuatiliwi safari nzima, kwa hiyo ikinyamaza wiki kadhaa usikimbilie kudai.

Njia ya bei nafuu kuliko zote unaijua tayari: mtu anayekuja. Kama una mtoto wa ndugu yako Ulaya atakayerudi likizo, muuzaji atamtumia kwa nauli ya ndani na singo tatu hazitamlemea. Azibebe kwenye begi la mkononi, zikiwa zimesimama wima, wala zisiingie kwenye sanduku la chini ya ndege.

Na kabla ya Ujerumani, umejaribu Mombasa? Kutoka Tanga ni safari ya basi kupitia Horohoro, na mji ule ulikuwa na maduka makubwa ya santuri. Mjini Nairobi nako, pale Kenyatta Market, santuri za zamani bado zinauzwa. Bei ya singo moja inaweza kuwa juu kidogo ya ile ya Discogs, lakini utaishika, utaitazama kwenye mwanga kama imechubuka, na utamwomba mwenye duka aipige uisikie kabla hujatoa pesa. Kwa singo tatu tu, mimi ningeanzia huko. Ukishindwa kuzipata, rudi kwa Mjerumani na ile sentensi ya Päckchen, na akikujibu niandikie uzito na vipimo vya boksi alivyokupa, nikukokotolee ni ngazi gani unaangukia na bado unaweza kuongeza santuri ngapi.