Dirisha la kupokea halikui: nani kaifunga mikono karneli?

Swali: Seva yetu ya Linux inavuta mafaili makubwa kutoka seva ya mbali. Laini ni gigabiti 1 kwa sekunde, ping milisekunde 180, ila spidi inagota kwenye megabaiti 1.2 kwa sekunde. Nimepandisha tcp_rmem (namba tatu za bafa ya kupokea, yaani kumbukumbu ya kuhifadhi data iliyofika: ya chini, ya kuanzia na ya juu) mpaka megabaiti 64, wapi! Programu tumeiandika wenyewe na tumeiwekea SO_RCVBUF (ukubwa wa bafa ya kupokea unaopangwa na programu yenyewe) ya kilobaiti 256 iwe fasta. Tatizo liko wapi?

Jibu: Liko hapohapo kwenye SO_RCVBUF mkuu. Ukiiweka tu, karneli (kiini cha Linux) inaona umeamua mwenyewe, inaacha kabisa kuikuza bafa ya hiyo soketi (ncha ya koneksheni ndani ya programu), kwa hiyo hata ungeandika gigabaiti nzima kwenye tcp_rmem haisomwi. Halafu hata hiyo 256 hukuipata, maana inakatwa na net.core.rmem_max (kikomo cha SO_RCVBUF) ambayo kwenye karneli nyingi ni baiti 212992, ndo inazidishwa mara mbili, na takriban nusu inaliwa na gharama za kutunza paketi. Linabaki dirisha la kupokea (data ambayo mtumaji anaruhusiwa kutuma kabla ya kusubiri jibu) la baiti 212992 hivi, gawa kwa sekunde 0.18 unapata ileile megabaiti 1.2 yako.

Kuijaza laini yako unahitaji megabaiti 22.5 ziwe njiani muda wote (megabaiti 125 mara 0.18). Futa huo mstari wa SO_RCVBUF, hakikisha tcp_moderate_rcvbuf (karneli kukuza bafa yenyewe) ni 1 na tcp_window_scaling (kutanua dirisha) ni 1, maana bila hiyo ya pili dirisha haliwezi kuvuka baiti 65535. Kisha fungua koneksheni upya, kipimo cha kutanua dirisha kinakubaliwa kwenye SYN tu (paketi za kufungulia koneksheni), ile ya zamani itabaki na cha zamani.

Sasa elewa inavyokua: kila mzunguko wa kwenda na kurudi karneli inapima programu imebeba baiti ngapi kutoka kwenye soketi, ikiona zimeongezeka inatanua bafa ili mtumaji apate nafasi ya kuongeza zaidi, mpaka ifike namba ya tatu ya tcp_rmem. Yaani inafuata kasi ya programu yako, sio ya laini! Programu ikisoma kidogo, ikaandika diski, ikasubiri, ndo irudi kusoma, dirisha linadumaa na karneli haina kosa. Piga amri ya ss -tmi uangalie rb (ukubwa wa bafa ya kupokea) na rcv_space (kipimo cha karneli cha data inayosomwa) kama zinapanda. Recv-Q (data iliyofika ila haijasomwa) ikikaa imejaa, programu yako ndo inazubaa. Ikiwa karibu sifuri na rb ni kubwa, nenda kaangalie upande wa mtumaji, tcp_wmem yake (bafa ya kutuma) au paketi zinazopotea.

Na usiiguse namba ya katikati ya tcp_rmem, hiyo ndo kila soketi inaanza nayo, ukiipandisha na una koneksheni elfu kadhaa unaweza kuigonga tcp_mem (kikomo cha kumbukumbu ya TCP nzima) na karneli itaanza kubana madirisha ya wote.