Jibu: Je, uponyaji wa mbali umethibitishwa?

Dada, umeuliza kama majaribio ya miunganiko ya mbali (vitu au watu kuathiriana wakiwa mbalimbali) yanaonyesha kwamba mganga wa Kampala anaweza kumtibu shangazi yako kule Arua bila kumwona. Hapana. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliochapishwa 2006, ulipima kama maombi ya watu walio mbali yanasaidia, kwa kufuatilia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Walioombewa bila kuwa na hakika ya hilo, asilimia 52 walipata matatizo baadaye, wasioombewa, 51. Waliojua kabisa kwamba wanaombewa? 59! Na zile chembe zilizofungamana za wanafizikia (chembe ndogo mno ambazo vipimo vyake huhusiana hata zikiwa mbalimbali; majaribio yake yalipata Tuzo ya Nobel 2022) haziwezi kupeleka hata ujumbe, sembuse tiba. Mwombeeni shangazi, nami namwombea, ila dawa za presha asiziache hata siku moja.