Spika za masikioni: za 650,000 au za 45,000?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa Masasi. Msimu wa korosho ukianza, wakulima hunipigia simu kutwa nzima kuulizia malipo yao, na mara nyingi huwa ghalani, penye kelele za malori na za wapakiaji. Pia husafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam mara kwa mara. Katika duka moja la Mtwara mjini nimeonyeshwa spika za masikioni zisizo na waya za shilingi 45,000, na nyingine za kampuni yenye jina kubwa za shilingi 650,000. Muuzaji anasema zote zinazuia kelele. Simu yangu ni Android ya bei ya kati. Nichukue zipi? – Msomaji, Masasi.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na kauli ya muuzaji, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa, wakati mwingine na muuzaji ambaye naye hajui. Kwenye maboksi ya spika hizi huandikwa herufi ANC au ENC, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. ANC inakuhudumia wewe msikilizaji: maikrofoni ndogo zilizomo ndani ya kifaa hunasa mngurumo wa nje, kisha spika hutoa wimbi la sauti lililo kinyume cha mngurumo huo, na mawimbi hayo mawili hufutana kabla hujayasikia. ENC inamhudumia yule aliye upande wa pili wa simu, kwa kuchuja kelele zinazoingia kwenye maikrofoni pamoja na sauti yako. Spika nyingi za bei ya chini zina ENC peke yake, nazo huuzwa kwa maneno yaleyale ya “kuzuia kelele”.

Hata ANC iliyo bora ina mipaka yake. Inafanya kazi vizuri zaidi kwenye sauti nzito isiyobadilika, kama vile injini ya basi au jenereta, lakini sauti za watu, honi na vishindo vya magunia huipenya kwa urahisi. Kwa hiyo katika safari ya kutoka Masasi hadi Dar es Salaam utaifurahia, ila ghalani haitawanyamazisha wapakiaji, wala haitamsaidia mkulima wa Chiungutwa akusikie vizuri. Kwa kazi yako, jambo la kulipia kwanza ni maikrofoni, na ubora wake hausomeki kwenye boksi. Omba ruhusa ya kutoka nje ya duka, usimame kandokando ya barabara bajaji zikipita, umpigie mtu unayemwamini, kisha umuulize alichosikia. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.

Je, shilingi 650,000 zinastahili? Kwa bei hiyo ungepata jozi kumi na nne za zile za 45,000 na chenji ikabaki, lakini hesabu hiyo pekee haitoshi. Spika za bei ya juu kwa kawaida huwa na ANC yenye nguvu zaidi, maikrofoni bora na muunganisho usiokatikakatika. Tatizo ni kwamba sehemu ya bei hiyo hulipia mambo ambayo simu yako huenda isiyatumie. AirPods za Apple, kwa mfano, huunganika na Android kama spika nyingine yoyote ya Bluetooth, lakini mipangilio yake mingi, pamoja na usasishaji wa programu yake, huhitaji kifaa cha Apple. Vivyo hivyo LDAC, mfumo wa Sony wa kusafirisha sauti kwa kiwango cha hadi kilobiti 990 kwa sekunde: simu nyingi za Android zinao na iPhone haina, lakini kwa mtu anayesikiliza nyimbo zilizobanwa ili ziokoe bando, tena ndani ya basi, tofauti hiyo ni ndogo mno kulipiwa malaki.

Kisha kuna betri. Kila upande una betri ndogo ya lithiamu iliyofungiwa ndani, na baada ya miaka michache ya matumizi ya kila siku hushika chaji kwa muda mfupi zaidi, iwe ya bei ya juu au ya chini. Wachache sana hutengeneza za kubadilishwa. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa za aina hiyo mwaka 2024. Kwa hiyo ukinunua za laki sita na nusu, usitarajie zidumu mara kumi na nne zaidi. Vilevile, “saa 30” zinazoandikwa kwenye boksi hujumlisha chaji iliyomo ndani ya kasha la kuchajia. Spika zenyewe mara nyingi hazipiti saa saba au nane, na ANC ikiwashwa hupungua.

Kwa maoni yangu, ziache zote mbili. Tafuta za bei ya kati zilizoandikwa ANC waziwazi, kutoka kampuni inayotoa waranti hapa nchini, zenye mipira ya silikoni ya saizi tatu. Mpira usiposhika vizuri sikioni, besi hupotea na ANC hushindwa kazi. Ukiamua kuchukua za bei ya juu, dai risiti ya kielektroniki na uhakiki namba ya utambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji, ingawa namba nayo huigizwa, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Feki ya jina kubwa ndiyo hasara mbaya kuliko zote, kwani unalipia jina na kupata kifaa cha elfu ishirini.

SWALI: Spika zangu zimeandikwa IPX4. Naweza kuogelea nazo baharini? – Msomaji, Lindi.

JIBU: Hapana. IPX4 ni kinga dhidi ya matone na michirizi tu. Hata IPX7, ambayo ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, hupimwa kwa maji baridi, si ya chumvi. Ukikimbia ufukweni, zifute jasho kwa kitambaa kikavu na uhakikishe vile vituo vya chuma vya kuchajia vimekauka kabla ya kuzirudisha kwenye kasha, kwa kuwa chumvi huvila haraka.